Plastiki ya Eugène

Kijiwe chetu kiko hapa Baraka, karibu na pompe ya maji ya quartier yetu: ubao mmoja juu ya matofali, Mama Suzanne na birika yake ya kahawa, na sisi bapumbavu. Nasema bapumbavu na mimi sijitoi. Ku mukono wa pompe, pale chuma inazungukia ndani ya chuma ingine, kunakaa plastiki nyembamba yenye tunakata ku bidon kuukuu ya maji. Ikiisha, chuma inakula chuma na maji haipandi. Mzee Eugène alikuwa anaichoma kidogo kabla ya kuiweka, na yake ilikuwa inamaliza mwaka muzima. Alikufa mwezi wa pili. Tangu hapo tumeshaweka sita. Ya mwisho imemaliza siku tatu, na leo asubuhi pompe imekauka tena.

Saleh, mwenye tunaita Kapiteni juu alikuwaka na mutumbwi, alisema kosa ni moto mudogo.

— Plastiki iko kama mutu. Ikiteswa ndiyo inapata nguvu.

Nikamukumbusha kama ile ya tatu aliitesa mpaka ikageuka makaa. Bertin Radio, fundi wa maredio, alitaka tuichemshe mu mafuta ya mawese pamoja na chumvi, kwa sababu chumvi inalinda samaki isioze. Mimi nami nikaleta yangu: bidon za siku hizi zilishakuwa masandale mara mbili, zimechoka kuzaliwa. Tukabishana hivyo mpaka birika ikawa nyepesi.

Ketsia akafika na bidon tupu. Ameshuka toka Minembwe, kule milimani, mwezi huu, hatujamuzoea. Mutoto wake ametoka jana ku matunzo ya kolera, na munganga amemukataza maji ya ziwa. Alitusikiliza wima, bila kukaa.

— Bapapa, Mzee Eugène akishaitoa ku moto, alikuwa anaipoza namna gani?

Saleh akaangalia Bertin. Bertin akaangalia kikombe. Sisi tunaitupaga mu maji ya baridi, haraka haraka, tupate kumaliza. Eugène kuweka plastiki ku moto, tulimuona bote, kila mara. Kuitoa, hapana. Moto ukishawaka vizuri, tulikuwa tunarudi hapa kunywa kahawa na kumuacha peke yake.

— Hakuna mwenye alibakia naye hata siku moja?

Nilisikia haya, na ningali nayo. Ketsia alingoja kidogo, kwa heshima tu. Kisha akachukua bidon yake, akashuka njia ya ziwani.