Mama Chansouk Vilayphone: Miaka Ishirini na Tisa ya Kuhesabu Viatu Mlangoni

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, 2024, saa kumi jioni, Mama Chansouk Vilayphone atakabidhi ufunguo wa kabati namba tatu na kustaafu, baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi katika Kituo cha Ujirani cha Mtaa wa Ziwa, hapa Oakland. Mratibu wetu ameniomba mimi, Uranbileg, niliyekaa naye meza moja kwa miaka kumi na mitano, niandike wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. Amenisihi niandike mambo ya furaha, tena nisijitie sana katika habari za mwenzangu. La kwanza nitajitahidi. La pili sijui.

Mama Chansouk alizaliwa Savannakhet, akavuka mto Mekong akiwa na miaka kumi na mitatu, akakaa kambini Thailand miaka minne, kisha akaletwa California pamoja na wazazi na ndugu zake sita. Alifanya kazi kiwandani Fremont, akiunganisha vipande vya kompyuta vidogo kama chembe za ufuta, mpaka macho yakaanza kulalamika. Tarehe 1 Machi, 1995, aliajiriwa hapa kuwa mdadisi, akapewa fomu, kalamu na gari la kituo.

Kazi yake ilikuwa kugonga milango. Wafadhili wetu hutaka kujua Walao na Wamongolia wa mitaa hii wanaishije: nani ana kazi, nani ana bima ya matibabu, wangapi wanalala chumba kimoja, wanakula nini mwezi unapokatika. Jamii hizi mbili huwekwa katika jedwali moja, kushoto Walao, kulia Wamongolia, kana kwamba ni timu za mpira. Msaada hufuata jedwali hilo, na anayeonekana ameshiba huondolewa sahani.

Mama Chansouk hakuliamini jedwali. Alikuwa na kanuni yake, ambayo kila mdadisi aliyepita mikononi mwake anaijua kwa moyo: hesabu viatu, usihesabu majina. Mlao akiulizwa mko wangapi humu ndani, atataja idadi iliyo kwenye mkataba wa nyumba. Viatu vya mlangoni havijasaini mkataba wowote.

Kanuni ya pili ilikuwa kikapu cha wali. Mlao hawezi kukwambia hana wali. Atakukaribisha ule hata kama amebakiwa na konzi moja. Kwa hiyo Mama Chansouk alikuwa anaingia jikoni mwenyewe, anafunua kile kikapu cha mianzi, anakifunika, halafu anarudi sebuleni kuandika alichokiona. Siku moja mzee fulani alimfokea, "We mwanamke, umetumwa na serikali au na panya?" Akamjibu, "Panya hajazi fomu, baba." Mzee alicheka mpaka akaketi, akamweleza mambo yake yote bila kuulizwa.

Wa zamani mtakumbuka gari la kituo. Mwaka 1998 mtungi wa samaki wa kuvundikwa, zawadi ya bibi mmoja, ulimmwagikia Mama Chansouk kwenye kiti cha nyuma. Gari likaoshwa kwa sabuni, kwa siki, kwa ndimu, na mwishowe kwa sala. Harufu haikutoka. Mpaka linauzwa mwaka 2006 yeye alikuwa akisema kwamba gari zote za mtaa ule zimeibwa isipokuwa hilo, na kwamba kituo kinadaiwa shukrani na yule samaki. Alikuwa mtani wa hatari. Mimi aliniita Mtoto wa Farasi tangu siku ya kwanza, nami nikamwita Mla kwa Vidole, maana hata kwenye mikutano na wafadhili alikuwa anafungua kikapu chake, anafinyanga tonge la wali wa kunata na kulichovya pilipili huku wenzake wakihangaika na uma.

Hakuna aliyezijua jamii hizi mbili kama yeye. Walao walikuja wakiwa wakimbizi. Vyeti hawakuwa navyo, lakini walipokewa na karatasi halali, kadi ya matibabu na mtu wa kuwaonyesha ofisi zilipo. Sisi Wamongolia tulikuja baadaye, miaka ya tisini na kuendelea, kwa viza za kusoma au kutembea, digrii zikiwa mabegini, na uwanja wa ndege hakuna aliyetungoja. Mlao alianzia kiwandani, na baada ya miaka ishirini akanunua nyumba pamoja na mashemeji wanne. Mmongolia alikuwa mhandisi kwao na hapa anasugua vyoo vya hoteli, lakini anavaa vizuri na ukuta wake umejaa vyeti. Ukitazama ukuta utasema huyu amefika. Ukifungua jokofu utanyamaza.

Wiki iliyopita nilimuuliza Mama Chansouk angependa niandike nini. Nilitegemea ataje wadadisi kumi na saba aliowafundisha, au mwaka alioingia nyumba mia mbili bila kukataliwa hata moja. Akasema, "Andika kosa langu la mwaka 2010. Usilifiche, mwanangu. Hawa vijana wajue kwamba mtu akikosea fomu, kuna mwingine anakosa maisha." Nikamwambia sawa. Nimekaa siku sita na karatasi hii kwa sababu ya ile sawa. Naomba radhi kwa mratibu, furaha niliyoagizwa inaishia hapa kwa muda.

Mwaka 2010 nilikuwa na mwaka mmoja kazini, nikiwa mkalimani wake kwa nyumba za Wamongolia. Walao aliwapangia ziara mwezi wa Mei. Aprili ni mwaka mpya wao, watu wanamwagiana maji na kupika kupita kiasi, na yeye alisema mdadisi anayeingia nyumba ya Mlao mwezi huo ataandika kwamba wote ni wafalme. Kwa upande wetu hakuwa na habari. Ratiba ya mwaka ule, ambayo bado iko kabati namba tatu, inaonyesha nyumba thelathini na nane za Wamongolia kati ya tarehe 14 na 20 Februari. Hiyo ilikuwa wiki ya Tsagaan Sar, Mwezi Mweupe, mwaka mpya wetu.

Mwezi Mweupe, meza ya Mmongolia haina ruhusa ya kupungukiwa. Mgongo mzima wa kondoo unakaa katikati, mikate imepangwa ghorofa juu ya ghorofa, na vibunda vya unga vyenye nyama vinafika mamia. Kuna familia hushindia chai na mkate mwezi mzima ili siku hiyo meza ijae. Watu wanavaa majoho ya hariri. Mdogo anamwekea mkubwa mikono chini ya viwiko na kuuliza, "Mmevuka baridi salama?" Jibu ni moja, salama. Baya halisemwi wiki ile, kwa sababu mwaka mzima utafuata kilichotoka mdomoni. Mama yangu aliwahi kuumwa jino la kumkosesha usingizi, na bado aliwajibu wageni wote salama, huku ameshika shavu.

Basi hapo ndipo Mama Chansouk alipoingia na kanuni zake. Alihesabu viatu, akakuta buti mpya za ngozi, za wageni waliokuja kusalimia. Alifunua sufuria, akakuta nyama. Akauliza kama mwezi uliopita walikosa chakula. Nikatafsiri. Wakajibu, "Sisi salama, karibu kibunda." Bima? Salama. Kazi? Salama.

Nyumba ya kumi na moja ilikuwa ya Daktari Otgonjargal. Aling'oa na kuziba meno Ulaanbaatar kwa miaka tisa, na hapa alikuwa anasafisha ofisi na kusoma ili apate leseni ya kufanya kazi yake tena. Aliishi na familia nyingine mbili katika vyumba viwili. Siku ile magodoro yao yalikuwa yamefichwa kwa jirani ili meza ipate nafasi. Mama Chansouk hakuwa na njia ya kuyajua magodoro yale. Mimi niliyajua. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nalala juu ya mojawapo.

Ripoti ilitoka Septemba. Walao wakaandikwa wahitaji, Wamongolia wakaandikwa wanaojitegemea. Darasa letu la Jumamosi, lililowaandaa wataalamu wa kutoka nje kwa mitihani ya leseni, na ambalo karibu wanafunzi wake wote walikuwa Wamongolia, likafungwa.

Daktari Otgon alikuja na mkoba wake wa vitabu, akalisoma tangazo mlangoni mara mbili. Akaingia, akauliza kwa Kiingereza chake cha wakati ule, "Nani kaandika kwamba sisi tuna nafuu?" Mama Chansouk akasimama. "Mimi, dada." Hakumtaja mkalimani. Hakutaja ratiba. Mkalimani alikuwa ameinamia mashine ya kunakili, anachomoa karatasi ambayo haikuwa imekwama.

Mwaka uliofuata Mama Chansouk alirudia nyumba zote thelathini na nane, mwezi wa Oktoba, bila malipo ya ziada. Fomu aliiacha ndani ya gari. Alikuwa anakunywa chai ya maziwa yenye chumvi, asiyoipenda mpaka leo, bakuli la kwanza, la pili, na la tatu ndipo anauliza. Na kweli watu walisema. Ripoti ya pili ilionyesha kwamba Wamongolia wa mitaa hii, pamoja na digrii zao, walikuwa wamebanana vyumbani kuliko Walao, wengi wao hawakuwa na bima, na hawakuwa na shemeji wa kuchangia nyumba. Wafadhili walimshukuru kwa barua nzuri. Darasa halikurudi mpaka mwaka 2019.

Daktari Otgon alikuja siku ya kwanza. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Alikaa kiti cha nyuma akitazama mikono yake, na mwisho wa kipindi akaniambia, "Uranbileg, mkono huu umeshika fagio miaka kumi na mitano. Nani atanifungulia kinywa chake?" Hakurudi tena. Leo anatunza wazee katika nyumba moja kule Alameda. Wanampenda sana, na mimi kila nikimwona na aproni yake naumia.

Tangu hapo, kila Mwezi Mweupe Mama Chansouk hubisha mlango wake na kikapu cha wali wa kunata, humwekea mikono chini ya viwiko kama mdogo anavyopaswa, na humwomba radhi. Daktari Otgon humjibu, "Yalishapita, mdogo wangu. Kaa ule." Hayajapita. Mimi ndiye mkalimani wao miaka yote hiyo, nazijua sauti zao zote mbili.

Sasa nisikilize, Mama Chansouk, maana kijitabu hiki utakisoma ukiwa umeketi mbele ya watu na hutaweza kunikatiza. Ile ratiba ya Februari hukuipanga wewe. Uliniuliza kwenye gari, "Mtoto wa Farasi, watu wako huwa nyumbani lini?" Nikakwambia wiki ya tatu ya Februari, utawakuta wote. Nilijua ni wiki gani. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimechoka kutuona upande wa kulia wa jedwali tukihesabiwa magodoro. Nilitaka uingie utukute tumevaa hariri. Nilitaka safari moja tu sisi tuonekane watu. Kwetu upungufu hauonyeshwi kwa mgeni, na mimi nilikuwa bado nakuhesabu mgeni, wewe uliyekuwa unanigawia wali wako kila mchana.

Mficha uchi hazai. Mimi niliuficha uchi wa watu wangu, na wewe ukabeba aibu yake miaka kumi na minne. Kama ulikumbuka ukanyamaza kwa ajili yangu, au kama ulisahau kweli, sijawahi kuwa na ujasiri wa kuuliza. Umeniagiza niandike kosa lako. Nimelitafuta kabati zima, sikuliona. Nililolikuta lina mwandiko wangu.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kituo, ahsante kwa milango uliyogonga, kwa wadadisi uliowafundisha, na kwa chai ya chumvi uliyoimeza bila kukunja uso. Kanuni zako tumezibandika ukutani, na ya tatu nimeiongeza mimi: uliza kwanza ni sikukuu ya nani. Tunakuombea mapumziko marefu, macho yasiyolalamika tena, wajukuu watiifu kiasi, na kila baridi inayokuja uivuke salama, salama ya kweli.

Na Mwezi Mweupe ujao, ukienda kwa Daktari Otgon, peleka kikapu chako na ule tu, usiombe radhi isiyo yako. Utakuta viatu vyangu vimeshatangulia mlangoni.