Bi. Modesta Mazigo na Zimwi Lililoomba Radhi

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Bi. Modesta Mazigo anastaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Uchapaji cha Ghuba, hapa Mwanza, kwa miaka ishirini na tisa. Katika muda huo ameandika vitabu kumi na vinne vya watoto, amebishana na wazee wa wilaya tatu kuhusu tabia za mazimwi, na ameshindwa na chatu mara moja. Hili la mwisho ndilo lililoiokoa idara yake, kwa hiyo litaelezwa kwa kirefu.

Alizaliwa Nansio, Ukerewe, mwaka 1943. Alifundisha darasa la pili kwa miaka michache, kisha Februari 1969 akaajiriwa hapa kuwa msomaji wa prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kuchapwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kusahihisha kijitabu cha kilimo bora cha pamba. Alisahihisha vizuri, ila katika ukurasa wa nane akaongeza mabishano kati ya mkulima na funza wa vitumba. Mkuu wake, marehemu Mzee Venant, aliyaona mtambo ukiwa tayari umeanza kazi. Alishuka ngazi mbio akipiga kelele, "Modesta! Funza hasemi!" Funza alikuwa ameshasema nakala nyingi mno. Msimu uliofuata wakulima wa Misungwi waliomba kijitabu kingine. Hawakuuliza habari za dawa ya kupulizia. Walitaka kujua funza yule aliishia wapi. Mwaka 1974 Mzee Venant alimkabidhi idara ya vitabu vya watoto ili, kwa maneno yake, wadudu wapate pa kuzungumzia.

Bi. Modesta hakutunga mazimwi yake. Aliyakuta katika masimulizi ya kale ya kanda hii, yale ambayo kila mtu amesimuliwa na bibi yake, akayauliza maswali ya mama mwenye nyumba. Sote tunalijua zimwi lililomeza kijiji kizima pamoja na ng'ombe, hadi kijana mmoja akalipasua na watu wakatoka. Bi. Modesta aliuliza: kule ndani walikula nini? Nani alikamua ng'ombe? Jibu lake ni kitabu cha *Soko Tumboni*. Humo watu waliomezwa wanafungua soko, wanachagua mwenyekiti, wanamwondoa mwenyekiti, wanaanzisha shule na kucheza ngoma kila jioni. Zimwi halipati usingizi. Linakwenda kwa mganga likishika tumbo. Mwishowe linawapigia magoti watu lililowameza, linawaomba radhi na kuwasihi watoke, nao wanakataa kwa sababu ni siku ya mnada. Wanavyotoka hatimaye hatutasema hapa. Bi. Modesta mwenyewe ana msimamo mkali kuhusu watu wanaotoboa mwisho.

Watoto walipoleta maswali ya choo, yaani watu wale walijisaidia wapi, aliwaandikia sura nzima. Ndiyo sura inayosomwa zaidi.

Njia yake ya kupima hadithi inafahamika kwa kila aliyewahi kusafiri naye kwenda Nansio. Akiwa melini huwasomea abiria ukurasa mpya kwa sauti. Wakiendelea kutafuna karanga, anauchana. Wakisimamisha taya, anauweka. Mhariri mwenzake, Bi. Odeta, anashuhudia kwamba safari moja walifika Nansio bila ukurasa hata mmoja, kwa sababu karanga za siku hiyo zilikuwa nzuri sana.

Mwaka 1993 serikali iliuza kiwanda chetu, kama ilivyouza vingine vingi, na Bi. Zahabia Fatehali akaja kuwa meneja. Mji ulikuwa umebadilika. Viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vikiota ufukweni, na kila kimoja kilitaka maboksi yenye picha ya samaki anayetabasamu. Bi. Zahabia aliitazama mitambo miwili, akaitazama idara ya watoto yenye watu watatu na mabango ya mazimwi, akasema wazi: "Mama Modesta, sangara wana wateja. Zimwi lako lina nani?"

"Lina watoto."

"Watoto hawaagizi maboksi."

Wakakubaliana. *Soko Tumboni* kingechapwa, na kama shehena ya kwanza ya nakala isingeuzwa yote kabla ya mwisho wa Julai 1995, idara ingefungwa na chumba chake kuwa ghala la maboksi. Bi. Modesta angerudi kwenye prufu, safari hii za lebo za samaki. Hadi mwisho wa Juni, shehena ilikuwa bado imejaa mpaka dirishani.

Hapo ndipo akatokea Mzee Mashimba wa Misungwi, manju wa ngoma anayejulikana kote Usukumani. Alikuwa amesikia kwamba kuna kitabu ambamo zimwi haliuawi. Alikuja kiwandani akiwa na fimbo na wacheza ngoma wanne, akakataa kiti.

"Wewe Mkerewe, zimwi hili ni letu. Ninyi mlikuwa kisiwani. Liliwameza lini?"

"Shikamoo, mzee. Lilitumeza, likatutemea kisiwani."

"Marahaba. Umelipigisha magoti! Zimwi hupasuliwa!"

"Umekisoma, mzee?"

"Nimekisikia. Inatosha."

Aliyewahi kuhudhuria ngoma za baada ya mavuno anajua Wasukuma wanavyomaliza ubishi wa namna hii. Pande mbili hucheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Watazamaji hawapigi kura. Wanatembea. Upande unaobaki na watu ndio umeshinda. Kila upande huficha jambo lake la mwisho mpaka dakika ya mwisho. Na katika uwanja wa Mzee Mashimba ipo sheria moja zaidi: aliyeshindwa hafungui tena mdomo uwanjani siku hiyo. Mzee alimpa Bi. Modesta changamoto hiyo papo hapo. Yeye angeigiza hadithi ya kale kwa ngoma, na mama angesimulia yake. Bi. Modesta alikubali kabla hajamaliza kusikia sheria.

Jumamosi tarehe 8 Julai 1995, dereva wetu Antoni alipakia shehena yote kwenye lori, tukaenda Misungwi. Meneja alikuja pia, akisema anataka kuona mwenyewe chumba chake cha maboksi kikipatikana.

Kwa saa nzima ya kwanza Bi. Modesta aliongoza. Aliigiza mwenyekiti, akaigiza ng'ombe, akaigiza tumbo. Watoto walihamia kwake, mama zao wakafuata watoto, na kina baba wakafuata wakijifanya wanawatafuta mama. Upande wa Mzee Mashimba walibaki wapiga ngoma na mbwa. Zimwi lilikuwa limeshapiga magoti, mwenyekiti mpya alikuwa ameshapanda juu ya ulimi kutoa masharti ya kutoka, na watu wa Misungwi walikuwa wamesimamisha taya. Bi. Modesta akavuta pumzi. Mwisho wa hadithi ndio uliokuwa silaha yake ya akiba.

Ya Mzee Mashimba ilikuwa kwenye kapu. Alilifunua, akatoa chatu mwenye unene wa paja la mtu, akamzungushia shingoni mwake na kuanza kucheza.

Uwanja uliinama upande mmoja kama sinia. Watoto walikwenda, mama zao wakaenda, na wa kwanza kufika mbele, akiwa ameshika viatu mkononi, alikuwa Bi. Zahabia Fatehali. Upande wa Bi. Modesta alibaki Antoni peke yake, ambaye ilithibitika kuwa amelala.

Ngoma ilipokwisha, chatu akarudishwa kapuni, na watu wakakumbuka kwamba wamewaacha wenzao tumboni. Walirudi wote. "Mama, sasa walitokaje?" Bi. Modesta akafunga mdomo. "Mama, tuambie!" Akamtazama Mzee Mashimba, naye akatikisa kichwa: sheria ni sheria. Mama mmoja aliyekuja na mtoto mgongoni alikaribia kulia. "Basi hata useme tu, walitokea mdomoni au wapi?" Bi. Modesta, akiwa bubu kama jiwe, akanyoosha kidole kwenye lori.

Antoni aliamshwa na kishindo cha watu wakipanda. Jua lilipozama, lori lilikuwa tupu.

Chumba hakikuwa ghala. Bi. Zahabia aliagiza shehena ya pili palepale uwanjani, akauliza pia kama chatu anapatikana kwa mikataba. Tangu hapo idara imetoa vitabu vitano vipya. Kwa kuwa katika ukurasa wa mwisho zimwi linapata kazi ya kuvuta kivuko kinapoharibika, watoto wanaovuka kwa kivuko cha Kigongo huwauliza mabaharia limefungwa wapi. Bwana Chenge, anayefunga kamba pale, huwajibu kwamba limekwenda kula.

Mzee Mashimba naye alichukua nakala yake, akasomewa na mjukuu wake Rebeka. Hukumu yake ilitufikia wiki iliyofuata: "Ni makosa tupu. Lakini hapo linapoomba radhi, soma tena."

Idara sasa inakwenda kwa Bi. Odeta, aliyefundishwa kazi na Bi. Modesta mwenyewe, karanga zikiwa sehemu ya mafunzo. Tunamshukuru mama yetu kwa miaka yote ya kutusahihisha, kutuchekesha na kutunyima mwisho wa hadithi mpaka tukinunue kitabu. Tunamtakia afya, ukurasa mweupe, na abiria wasiopenda karanga kati ya Mwanza na Nansio.

Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi, tarehe 27 Juni, katika uwanja wa kiwanda. Mzee Mashimba amethibitisha kuja, na ameomba kikundi chake kicheze wakati uleule Bi. Modesta atakapokuwa anatoa hotuba. Bi. Modesta amekubali, kabla hajamaliza kusikia ombi. Wafanyakazi wote mnaombwa kutoondoka upande wake hata kapu likifunuliwa. Safari hii tunataka amalize.