Chupa ya Maji ya Mulongwe

Hebu piga picha hii akilini: benchi la mbao kando ya barabara, mtaa wa Kasenga, mjini Uvira, jua limeshaanza kuuma. Upande mmoja yuko Maman Generose na birika lake la kahawa. Upande wa pili Bonaventure, fundi wa nguo, na cherehani yake. Katikati wameketi mabingwa wawili ambao nchi bado haijawagundua. Mmoja huitwa Douane, kwa kuwa aliwahi kufanya kazi forodhani kwa wiki tatu, miaka kumi na minne iliyopita. Kalamu ya kazi ile bado imechomekwa mfukoni mwa shati. Mwingine ni Satellite, ambaye hana hata redio. Kahawa ya Generose huchemshwa pamoja na unga wake, kwa hiyo kikombe kikijazwa hakiguswi mpaka unga utulie chini. Muda huo wa kungoja ndio unaotumika kuitengeneza dunia.

Asubuhi hiyo Bonaventure alikuwa na karatasi kutoka shuleni kwa binti yake, Noella. Darasa lao lilikuwa limebuni jaribio la kurushwa angani, na jina la Noella lilipaswa kutangulia orodha, mradi mzazi atie sahihi kabla ya saa sita. Bila sahihi, jina lingefutwa. Sasa ilikuwa saa tano. Bonaventure hakuielewa vizuri ile karatasi, basi akafanya kosa la kuomba ushauri kwenye benchi.

— Minye nasoma, akasema Douane, akiishika karatasi mbali na macho. "Chupa mbili za maji ya mto Mulongwe, ya kisha mvua kunyesha. Moja itabaki Uvira, ingine itazunguka dunia mu chombo." Ndugu yangu, batoto banatuma matope mbinguni!

— Matope yetu? akauliza Satellite.

— Ya Mulongwe kabisa. Ya kuchemsha, ati isipeleke magonjwa.

— Sishangai. Ile matope iko na zahabu. Leo banaomba kichupa, kesho bataomba mto.

— Kichupa yenyewe iko sawa na kidole, akasema Generose. Ni zahabu ya kuziba jino?

— Weye Maman, uza kahawa, akasema Satellite.

— Njo nauza. Muko banne kwa benchi, na minye peke yangu niko na kazi.

— Tuko batatu, Maman.

— Nimehesabu na kalamu ya Douane. Nayo haifanyi kazi.

Bonaventure alicheka kidogo, lakini jicho lake lilikuwa kwenye karatasi.

— Mucheke tu, akasema Douane. Ile chombo itapita juu ya mipaka ngapi? Nani aliruhusu matope itoke mu nchi? Minye nilikuwa forodhani, hata kuku alikuwa na karatasi! Bakubwa bakikasirika, batatafuta jina ya kwanza. Noella. Kisha baba yake.

— Na kule juu iko baridi, akadakia Satellite. Matope itaganda, itakuwa jiwe. Jiwe itapasua dirisha, itaanguka. Itaanguka Luvungi, mu muhogo ya bashemeji yangu!

— Juu ya nini Luvungi, na si pengine? akauliza Douane.

— Kwani weye hujue bahati ya bashemeji yangu?

Bonaventure hakusikia tena. Alikumbuka wiki zile bomba lilipokauka, wakawa wanateka mtoni. Kila alfajiri Noella alichutama mbele ya chupa ya maji, akitazama tope likishuka polepole. Naye baba mtu alimgombeza: acha uvivu, beba maji. Leo akajiuliza ni nani hasa alikuwa mvivu.

Noella mwenyewe akatokea, mbio, sare yake ya bluu na nyeupe imejaa vumbi la barabara.

— Bonjour ba papa. Papa, Directeur ya shule anaomba karatasi.

Akaviona vikombe vimejaa.

— Mbona hamunywe?

— Tunangoja unga ishuke chini, mutoto, akasema Satellite kwa upole wa mwalimu. Iyo njo science.

— Na kule angani, kwenye hakuna chini, itashuka wapi?

Douane akakitikisa kikombe chake, unga ukapanda tena. Satellite akatazama juu, kisha ndani ya kikombe. Generose akafunua birika, akachungulia ndani.

— Mwalimu wenu alisema nini? akauliza Bonaventure taratibu.

— Alisema hajui. Ati njo maana tunatuma chupa.

Hajui! Neno hilo lilikuwa halijawahi kukalia benchi lile.

Bonaventure akanyoosha mkono kuomba kalamu. Douane akafunika mfuko.

— Haina wino, akanong'ona. Toka zamani.

Noella akatoa kalamu yake ya Bic. Baba akaandika jina lake lote, bila haraka, akapiga mstari chini yake, ulionyooka kama mshono. Mtoto akashika karatasi, akakimbia.

Kahawa ikapoa. Watatu wale walikuwa bado wameinamia vikombe, wakitazama unga ukilala.

— Bonaventure, akasema Satellite hatimaye. Ile chupa itarudi siku gani?

Ukipita Kasenga ukawakuta wameinamia vikombe hivyo, tafadhali usiwacheke sana. Kumbuka jambo moja tu: wanamngoja mtoto aje awaambie tope lilikwenda wapi.