Makofi Yasubiri Kijiko

Risala ya wanachama wa Chumba cha Kijiko kwa Mganga Mkuu wa hospitali

Mgeni rasmi, mheshimiwa Mganga Mkuu. Dada Muuguzi wetu wa lishe. Ndugu na jamaa mliotusindikiza mpaka kwenye chumba hiki cha mwisho wa korido:

KARIBU MEZANI

Tunakukaribisha kwa moyo mkunjufu. Tungetamani kukuambia karibu chakula, lakini mwenyewe unaona kilichopo: mayai yaliyochemshwa na kukatwa vipande vidogo, samaki aliyetolewa miiba, na vijiko vya chai. Usidhani tumekunyima. Kwetu sisi hii ni karamu, na kuna watu humu wameiota usiku kucha.

Meza uliyoiegemea ni mlango. Mwenzetu seremala aliuokota wakati wodi zinakarabatiwa, akaupiga randa, akauwekea miguu. Tundu la ufunguo bado lipo, na kila mgeni hulichungulia. Chungulia tu mheshimiwa, hatutakucheka.

TULIKOTOKA

Sisi ni watu tuliopunguzwa tumbo la chakula kwa upasuaji hapahapa hospitalini, pamoja na wale wanaotupikia na kutuvumilia nyumbani. Kabla ya hapo kila mmoja alikuwa na mzigo wake. Yupo aliyekuwa hawezi kufunga kamba za viatu vyake, yupo aliyelala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi zinakata, na wapo wa sukari, wa presha na wa magoti. Maneno ya watu kuhusu unene wetu hatutayarudia. Aliyewahi kuletewa benchi wakati wenzake wanapewa viti anayajua.

Upasuaji wenyewe tuliuogopa kuliko kitu chochote. Kumbe huo ndio ulikuwa upande rahisi, maana tulikuwa tumelala. Kazi ilianza tulipoamka na tumbo jembamba kama ndizi, tumbo lisilojua kula. Tukaanza na maji, funda kwa funda. Ikafuata supu iliyochujwa, kisha vitu vya kusagwa, kisha vilaini vya kupondwa kwa uma. Halafu linakuja tonge la kwanza gumu, na hapo ndipo watu wazima na ndevu zao huogopa kijiko.

Kitu kigumu kikishuka bila kutafunwa vizuri hukwama hapa kifuani, hakipandi wala hakishuki. Mate yanajaa mdomoni, jasho linakutoka, na kila mtu nyumbani anakimbilia kukuletea maji, na maji ndiyo yanayozidisha. Dada Muuguzi aliona watu wanarudi kwake wamejikunyata. Akaomba chumba hiki, kilichokuwa kimejaa vitanda vibovu, akasema tonge la kwanza mtu asile peke yake.

Ndivyo ulivyozaliwa utaratibu wetu. Anayeanza huketi upande wa meza uliokuwa wa kitasa. Hutia kipande mdomoni, hurudisha kijiko mezani, hutafuna mpaka kiwe laini kama uji, ndipo humeza. Hakuna anayemsemesha, maana anayetaka kujibu humeza kabla ya wakati. Tunasubiri. Akijisikia salama, husema neno moja: "Limepita."

CHANGAMOTO

Tumeambiwa kwamba risala hutaja mafanikio kwanza. Ya kwetu yanaanzia kwenye kosa, kwa hiyo utuwie radhi, mheshimiwa.

Mwenzetu mmoja ni mpishi wa shule. Watoto walimbatiza jina la Mama Sufuria, na hata walimu humwita hivyo. Yeye hupika kwenye sufuria ambazo mtoto anaweza kujificha ndani, na huonja chumvi kwa kudondosha mchuzi nyuma ya kiganja. Alipofika hapa kwa tonge lake la kwanza, chumba kilijaa pomoni. Kila mtu alimpenda, maana hata alipokuwa bado anakunywa supu tu alikuwa akitufundisha kulainisha samaki bila kumkausha.

Alitia kipande cha yai mdomoni, akaweka kijiko chini, akaanza kutafuna. Ladha ilipomfikia, akafumba macho na kutabasamu. Tunatamani ungeuona uso ule. Ulikuwa uso wa mtu aliyesikia sauti ya ndugu aliyepotea.

Sasa tunaye mwenzetu mwingine, mlinzi wa geti, mwenye viganja vipana kama sinia. Alipoona tabasamu, akadhani ndilo neno. Akapiga makofi. Sisi sote tukamfuata, wengine wakasimama. Mama Sufuria akashtuka, akameza kile kipande kizimakizima.

Mheshimiwa, tulikuwa tunamshangilia huku anazama. Ilichukua muda kuelewa kwamba mikono anayotupungia si ya furaha. Dada Muuguzi ndiye aliyepasua kati ya watu, akamwinamisha, akamshika mgongo mpaka kile kitu kikatoka. Tunashukuru hakuna kilichochanika ndani. Kilichoharibika kilikuwa kingine.

Tangu siku ile alirudi kwenye supu, akasema inamtosha. Tulimwomba radhi, akatusamehe papo hapo, akamwambia mlinzi asijisumbue. Lakini hakula. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitambaa chake cha kichwa. Akawa anatembea huku ameshika ukuta. Shuleni mwiko wake akakabidhiwa mtu mwingine, na watoto wakawa wanauliza mbona mchuzi umebadilika.

Binti yake alimsihi ajaribu kipande kimoja tu. Mama akamjibu kwa upole, "Mwanangu, nimepika maisha yangu yote. Leo yai linanitisha. Niache kwanza."

Dada Muuguzi aliieleza familia bila kuzunguka kwamba supu peke yake haimjengi mtu mwili, na kwamba akiendelea hivyo hospitali italazimika kumlaza na kumlisha kwa mpira wa kupitia puani. Binti alilia kwenye korido hii, akanawa uso kwenye sinki lile pale, akaingia ndani anatabasamu ili mama asijue. Mama alijua.

Hata hivyo hakukosa kikao. Alikaa pale dirishani, mbali na kitasa, akitazama mashuka ya wodini yakianikwa. Kila mara tulimwekea sahani yake ya yai, na kila mara ilirudi kama ilivyokuja. Mwenzetu dereva wa lori, ambaye bado alikuwa kwenye vya kusagwa, alimtania kwamba akiendelea kulitazama hivyo litaanguliwa kifaranga. Mama Sufuria alicheka mpaka akashika mbavu. Lakini hakula.

MAFANIKIO

Binti huyo ndiye anayekusomea risala hii, na tumemwomba asisite akifika hapa.

Ana mtoto mchanga ambaye wakati huo alikuwa amefikia umri wa kuanza kulishwa. Siku moja alikuja naye kikaoni kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia, na wakati wa kulishwa ukamkutia hapa. Akamkalisha mapajani, upande uleule wa kitasa, kwa sababu ndicho kiti kilichokuwa wazi. Akatoa bakuli la viazi vilivyopondwa, akamtia kijiko mdomoni.

Mtoto akavitoa kwa ulimi. Akamtia tena, vikatoka tena, vikashuka mpaka kidevuni. Alitutazama mmoja mmoja kama anayeuliza tumemfanyia nini. Dereva akasema huyu anahitaji kujiandikisha na sisi. Chumba kizima kilicheka, isipokuwa bibi yake.

Mama Sufuria alikuwa ameinuka dirishani. Alikuja amebeba sahani yake, akaketi mbele ya mjukuu, magoti kwa magoti. Akamwambia binti yake, "Huyu hakatai. Hajui tu mdomo unafanya nini. Ngoja nimwoneshe."

Akachukua kipande cha yai kutoka kwenye sahani yake, akatia mdomoni, akarudisha kijiko mezani. Akaanza kutafuna, polepole, akikuza mashavu ili mtoto aone.

Kicheko kilikatika chenyewe. Dada Muuguzi aliinua kiganja taratibu, lakini hakukuwa na haja. Tulisikia maji ya sinki yakidondoka. Mtoto alikuwa amekodolea macho taya la bibi yake, na mdomo wake mdogo ukaanza kwenda naye, juu na chini, juu na chini, bila kitu ndani. Bibi akatafuna, mjukuu akatafuna. Binti alikuwa ameshika kijiko hewani na hakuthubutu kukishusha. Mlinzi wa geti, mheshimiwa, alikuwa amekalia mikono yake yote miwili, na machozi yanamtiririka bila wa kuyafuta.

Kisha Mama Sufuria akameza.

Tunadhani hapo ndipo alipokumbuka, maana tuliona uso wake ukibadilika na mkono wake ukienda kifuani. Akasubiri. Sisi tukasubiri naye. Tumeshaona mengi hospitalini humu. Tumeona watu wakifumba macho chini ya taa kubwa na kuamka na mwili mwingine. Lakini hatujawahi kuona kitu kikubwa kama mkono ule uliotulia kifuani kwa mama mtu mzima, akisikiliza yai likipita.

Akamwangalia mjukuu wake, si sisi. Akasema, "Limepita."

Mtoto akafungua mdomo, akitaka na yeye.

Alikula viazi vyake vyote siku ile, na bibi akala kipande cha pili na cha tatu. Makofi yalikuja baadaye sana, ya vidole tu, kama mvua inayoanza.

Leo Mama Sufuria amerudi kwenye sufuria zake. Ndiye yule aliyevaa aproni, amekuja moja kwa moja kutoka jikoni. Na utaratibu wetu umepata kifungu kipya: anayeanza hatafuni peke yake. Aliyekwisha kuvuka huketi mbele yake, magoti kwa magoti, akatafuna naye, na mikono ya wengine wote hukaliwa. Tangu tuanze hivyo, hatujapata tena kumwinamisha mtu.

MAOMBI

Tumesikia kwamba chumba hiki kinatakiwa kuwa stoo, na kwamba vitanda vibovu vinarudi. Hatukuja kubishana. Tunajua hospitali haina nafasi, na vitanda navyo lazima vilale mahali.

Tunaomba tu, mheshimiwa, kabla hujaamua, uketi nasi kwa muda wa tonge moja. Ukiridhika, tuachie meza yetu na dirisha letu. Bomba la sinki lile likitengenezwa tutafurahi, ingawa wapo wanaosema mdondoko wake unawatuliza. Na kama kuna kiti kimoja chenye mgongo imara ambacho hakitumiki, tunacho cha kukifanyia.

TUNAPOMALIZIA

Mungu aibariki mikono iliyotupasua na iliyotuuguza, na awabariki wote waliotupikia chakula walichojua hatutakila. Akutunze wewe na nyumba yako, na kila utakachokula kipite salama.

Mheshimiwa, kwa kawaida risala ikiisha watu hupiga makofi. Tunakuomba, pamoja na wote waliomo humu, tusipige bado. Mwenzetu dereva wa lori amemaliza vya kusagwa na vya kupondwa, na mwenyewe ndiye aliyeomba tonge lake la kwanza liwe leo, mbele yako. Ameketi pale kwenye kitasa. Amekuwa akitania tangu asubuhi, lakini sasa anakigeuzageuza tu kijiko chake. Mama Sufuria amekwisha kukaa mbele yake, kipande chake mkononi. Mlinzi amekwisha kukalia mikono.

Kalia na wewe ya kwako, mgeni rasmi. Tusubiri neno moja.

Ni sisi,
Wanachama wa Chumba cha Kijiko, pamoja na wanaowapikia