Fidelis Klementi, Mkaguzi wa Korosho Aliyeliwa na Sigara

Marehemu Fidelis Klementi alizaliwa tarehe 14 Juni 1943 kijijini karibu na Kitangari, Newala, mtoto wa tatu wa mzee Klementi na mama Romana. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nane, mwaka 1959. Mwaka 1962 aliajiriwa Mingoyo, katika ghala la ushirika, awe mkaguzi wa korosho. Sigara aliianzia hapo hapo, kwa kuwaiga wakubwa wa kazi.

Kazi aliiweza. Alichota korosho guniani, akazipasua kwa kisu, akatazama kama kiini kimeshiba. Wakulima aliwaita kwa majina yao na ya baba zao. Tarehe 5 Oktoba 1968 alifunga ndoa na Tekla, kanisani Lindi. Walielewana kwa mengi, kwa sigara hawakuelewana hata siku moja.

Biashara huria ilipofika, wanunuzi binafsi waliingia na malori yao, na kila mmoja alimsalimia mkaguzi kwa pakiti. Kutoka sigara kumi kwa siku akafika thelathini. Waliomwekea pakiti mezani walimwita mzee wetu. Tekla anawakumbuka wote na hajawasamehe. Wengine wapo hapa msibani.

Mwaka 2001 Fidelis alianza kusahau, kwanza majina ya wakulima, kisha njia ya kutoka sokoni. Machi 2003 alipelekwa Dar es Salaam, akapigwa picha ya kichwa. Daktari alieleza kwamba ubongo wa kila mtu hupungua kwa uzee, ila wake ulikuwa umetangulia miaka mingi. Ganda lake la juu, linalobeba kumbukumbu na fikra, lilikuwa limekonda, na sigara ya miaka arobaini ilikuwa na mkono wake hapo. Fidelis aliielekeza picha dirishani, akaona ubongo uliosinyaa na nafasi tupu kando ya fuvu.

"Kiini hakijashiba," alisema. "Hii daraja la pili. Mwenyewe nani?"



Asubuhi moja mwaka huu wa 2004 alimwamkia mkewe: "Shikamoo, mama." Tekla aliitikia, "Marahaba," akaingia jikoni kulia.

Kiharusi kilimchukua tarehe 9 Agosti 2004, nyumbani Mingoyo. Wapo wanaosema ni kazi ya Mungu. Tekla anasema Mungu hakuwahi kumpa mumewe pakiti. Ndiyo maana wachimba kaburi wamelishwa wali na samaki, na zile sigara zao za desturi hawakupewa. Aliyenung'unika aliambiwa akanunue dukani na asirudi.

Ameacha mjane, Tekla. Watoto watatu, Dativa, Fortunata na Edwin. Na wajukuu saba. Edwin ana miaka thelathini, na pakiti yake iko mfukoni mwa shati hata sasa, tumeiona. Mama yake ameagiza hili lisomwe mbele ya watu: amesahauliwa mara moja katika nyumba hii, mara ya pili hataiweza.

Mungu ampokee Fidelis, ampe amani. Edwin, mpelekee mama yako hiyo pakiti.