Ngao Mbili za Mzee Ooko wa Igogo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Mzee Ooko wa Igogo, fundi wa ngozi. Huyu aliiangalia ngao, akakwambia kama ni ya kale kweli au ni feki iliyozaliwa juzi. Naam, juzi. Mjini hapa zipo ngao za "enzi za mababu" ambazo bado zinanuka dawa ya viatu.

"Usiangalie madoa," alisema. "Madoa hata chai inaweka. Angalia mshikio. Ngao ya kweli imechoka mahali pamoja, pale mkono ulipokaa. Feki imechoka kila mahali, kama mtu anayeomba ruhusa kazini."

Sasa, Mzee Ooko mwenyewe alikuwa na ngao ya kweli. Ya baba yake, kutoka Rorya. Ngozi ya nyati. Hiyo ndiyo iliyomfunga. Siku dalali mmoja alipoiona akaguna kwa tamaa, mzee akaweka nondo dirishani. Akaacha kusafiri. Hata harusi ya bintiye, Princess, kule Musoma, hakwenda.

"Mimi naolewa," anasema Princess, "baba analinda ukuta!"

Mwisho akatengeneza ya pili. Feki, lakini sawasawa na ile ya baba yake, mpaka kiraka. Na mshikio? Kila jioni alikaa ndani, kaushika, anasikiliza redio. Miaka mingi, ili auchoshe. Kisha akazitundika zote mbili. Ukimuuliza ipi ya kweli, anakujibu, "Nikikwambia, utasema." Hata mkewe, Mama Kevin, hakuambiwa.

Mwezi uliopita mzee akafariki ghafla. Na katika ukoo wao, wasikilizaji, mzee akizikwa, kijana wake wa kwanza hubeba ngao ya ukoo, wanaume wakikimbiza kifo kitoke nyumbani. Ngao ya ukoo, siyo feki. Gari la Rorya linanguruma nje. Kevin kasimama mbele ya ukuta. Ngao mbili.

"Kaka, chagua basi!"

"Nichague nini, Princess? Anayejua yumo kwenye jeneza!"

Akashika moja kwa mkono wa kushoto, kama mtu mwenye mkuki kulia. Kidole gumba kikapata kishimo chake. Akashika ya pili. Kidole kikakosa pa kukaa. Akahamishia mkono wa kulia. Kikalala.

Mama Kevin akacheka huku analia. "Shoto huyo! Kawakamata waongo wote wa mjini, kajisahau mwenyewe!"

Ndiyo, wasikilizaji. Mzee Ooko alikuwa shoto: mkuki kwake kushoto, ngao kulia. Baba yake hakuwa.

Kevin akabeba ya babu. Ile nyingine alitaka kuifungia kabatini, mama akamzuia. "Iache hapo. Hiyo ina mkono wake."

Poleni sana Kevin, Princess, na wana Igogo wote. Nawe msikilizaji, leo kiangalie kitu unachokishika kila siku. Jembe, kikombe, usukani. Kimechoka wapi? Na nani nyumbani ataujua mkono wako?

Mama Kevin, shikamoo. Tunajua jioni hii umefungua redio. Na tunajua umeshika nini.