Sabina wa Ganako na Boksi la Vitabu Kumi na Moja

Leo ni Jumamosi, tarehe kumi na tatu Juni, mwaka 2026. Asubuhi hii Karatu kuna baridi, na ukungu kutoka Ngorongoro umeshuka hadi barabarani. Wasikilizaji wapendwa, tunamkumbuka Sabina wa Ganako, mkulima wa maharage, mwanafunzi mwenzangu wa masomo ya jioni. Tulimzika Jumanne.

Dada Sabina ndiye aliyetununulia vitabu mtandaoni. Alitufundisha kuagiza pamoja, ili nauli ya mzigo iwe moja. Aliomba kwanza picha ya ukurasa wa ndani, asije akauziwa kitabu cha mtaala wa zamani. Hivyo tuliokoa karibu nusu ya bei ya dukani.

Mwezi Aprili alituma pesa za watu kumi na mmoja. Narudia, watu kumi na mmoja, na wote tuna mtihani Novemba. Muuzaji akajibu kwamba mzigo umepanda basi.

Sabina alikwenda ofisi ya mabasi mara nne. "Mzigo wa Sabina?"

"Haupo, mama," karani akamjibu. "Kwani mimi nakula vitabu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Mumewe, Mzee Clemensi, anasema: "Alidhani ametapeliwa. Nikamwambia, Mama Lilian, waambie wenzako. Akasema, wataniita mwizi. Akazima simu. Pikipiki ikisimama njiani, anaingia chumbani. Hata dawa za presha aliacha kuzifuata, maana aliogopa kukutana na mmoja wenu kliniki. Presha ikampanda, ndiyo iliyomwondoa."

Nami nilikuwa nimemwandikia: "Sabina, Mungu anaona." Nimetubu. Bado naogopa kuusoma ujumbe ule.

Baada ya mazishi nilikwenda ofisini na mkwe wake, Patrisi, mume wa binti yake Lilian. Patrisi alipotaja jina lake, karani akainama akatoa boksi. Lilikuwa limeandikwa jina la Patrisi. Laini ya simu ya Sabina ilisajiliwa kwa jina la mkwe, kwa sababu wakati ule Sabina hakuwa na kitambulisho. Muuzaji aliandika jina aliloliona kwenye ujumbe wa malipo. Karani alipiga namba hiyo ya Sabina, simu ikawa imezimwa. Vitabu vyote kumi na moja vilikuwamo.

Pole sana, Mzee Clemensi. Poleni, Lilian na Patrisi. Mungu awashike mkono.

Wasikilizaji wapendwa, ukiagiza, uliza mzigo umeandikwa jina la nani. Na mwenzako akinyamaza, nenda kwake ukae naye kabla hujamtuhumu.

Sasa wenzangu wamenikabidhi mimi ununuzi wa vitabu tunavyohitaji bado. Nimeomba, na bado naogopa. Wako hapa studio, pamoja na Mzee Clemensi. Mbele yao nasema: mzigo ukichelewa hata siku moja, nitawaambia siku hiyo hiyo, kwa mdomo wangu, nikiwa naogopa vilevile.